Mwongozo wa Kufuga Mbwa Bila Kumsumbua Daktari

Karibu kila Jumatatu nikifungua kliniki nakuta mtu ameshanitangulia, amekaa kwenye ngazi na kiroba miguuni. Ndani ya kiroba mna mbwa. Mara nyingine mbwa bado yuko hai. "Dokta, tangu Alhamisi hali," ananiambia, na mengine nayajaza mwenyewe: Ijumaa kanyweshwa maziwa, Jumamosi kapigwa sindano ya antibayotiki ya OTC na kijana wa duka la dawa za mifugo, Jumapili kaombewa. Leo, njia zote zilipoziba, nimebaki mimi.

Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi najua kuwa hawa watu si wazembe hata kidogo. Wanafuata mwongozo. Hakuna aliyeuandika, lakini Dar es Salaam nzima inaujua kwa moyo, kuanzia Mbagala hadi Bunju, na watu wanarithishana kama utani wa makabila. Nimeona niuweke kwenye karatasi ili hata aliyehamia mjini juzi asipitwe. Ukiufuata sawasawa utaniona mara moja tu, na hiyo mara moja haitachukua muda.

Kwanza, umpate mbwa mwenyewe. Mahali pazuri ni kwenye mataa, foleni ikiwa imegoma na kijana anapitisha boksi dirishani. Usimuulize mama wa hao watoto yuko wapi, wala wana wiki ngapi. Sisi wa kliniki tunapenda kusema mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8, lakini sisi hatuuzi barabarani, na taa za kijani hazingoji. Uliza aina tu. Jibu ni lile lile: "Jemani halisi, bosi." Masikio yamelala, ila yatasimama akikua. Mpe miezi sita. Masikio yakikataa, mkia nao ukijikunja juu ya mgongo kama wa mbwa wa mama ntilie, ujue umepata mbwa wa hapa hapa, ambaye kwa siri nitakwambia ndiye angekufaa tangu mwanzo: manyoya mafupi, tumbo dogo, akili nyingi. Usimwambie mtu. Endelea kumwita Jemani, na umpe jina la kutisha majirani: Simba, Rambo, Tyson.

Akishafika nyumbani, mfunge. Mnyororo uwe mfupi, wa hatua mbili mbele na mbili nyuma, na banda liwe la bati, lisiwe na kivuli, ili saa nane mchana aelewe maisha ni nini. Wanaojua mambo humchanganyia pilipili kwenye chakula awe mkali. Mimi ninachokijua kuhusu pilipili ni kwamba inamwasha mdomo na tumbo, na mbwa anayeumwa tumbo hana muda wa mwizi. Ukali kweli ataupata, lakini kutoka kwenye mnyororo: kiumbe asiyeweza kukimbia, kila anayemkaribia anamwona adui, na anayemkaribia mara nyingi kuliko wote ni mtoto wa nyumbani anayetumwa kumpelekea maji. Mwizi yeye haji na maji. Iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inayokataza haya, lakini usiogope, mbwa wako hajui kusoma.

Kwa watu wa pwani kama mimi kuna nyongeza. Mbwa najisi, kwa hiyo hatumgusi, kwa hiyo hatumwoshi, hatumtoi kupe, hatujui hata kama ana kidonda mpaka tusikie harufu. Ni hoja nzuri sana, ila inasumbuliwa na visa viwili tulivyovisikia madrasa sote: cha yule aliyeteka maji kwa kiatu akamnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa, na cha yule mama aliyemfungia paka bila chakula. Maji na sabuni vipo, na kujitwaharisha tunakujua. Bakuli la mbwa kukauka tangu asubuhi halina fatwa.

Chakula ni rahisi. Mpe ukoko wa ugali na mchuzi uliobaki, vitunguu vikiwemo, ingawa kitunguu kinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa na paka. Jumapili mpe mifupa ya kuku wa kukaanga. Mfupa mbichi unatafunika, uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha kama za sindano, na huko ndani njia ni nyembamba. Dagaa ni wazuri, tena nawasifu kwa dhati, wakioshwa mchanga. Lakini kuosha dagaa wa mbwa! Mtaa utasema una hela.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana mwongozo huu wote umesimama juu ya hesabu moja. Mtoto wa mbwa wa kwenye boksi ana bei yake. Chanjo zake za mwanzo zinaanza wiki ya 6 hadi ya 8, zinarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, nazo zina bei yake. Ukijumlisha, zinamkaribia mbwa mwenyewe. Hapo mwenye akili ananiuliza swali ambalo nimelisikia kuliko shikamoo: "Dokta, kwa hela hiyo si ninunue mwingine?"

Nunua. Wa kwanza atanyong'onyea, atatapika povu, kisha ataanza kuhara damu yenye harufu ambayo ukishainusa siku moja utaijua hata ukiwa barabarani. Siku tatu, nne, maji yamemwishia mwilini. Hiyo ni pavo. Kirusi chake kilijitokeza kwa mbwa miaka ya 1970, na kufikia 1978 kilikuwa kimeshavuka mabara. Ni kirusi, kwa hiyo OTC hakiijui, hata upige chupa nzima. Anayepona hupona kwa dripu, usiku na mchana, na kwa bahati.

Utamzika nyuma ya choo, na wiki inayofuata utarudi kwenye mataa. Mbwa umemzika, kirusi hukukizika. Kimebaki sakafuni, kwenye bakuli, kwenye kandambili zako, na kinaweza kukaa uani mwaka mzima na zaidi kikisubiri mgeni. Sabuni hakiiogopi. Jiki kinaiogopa, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, uchafu ukishaondolewa kwanza, lakini ua wa mchanga haufuliwi kwa jiki. Wa pili anaanza kutapika ndani ya wiki mbili. Ninaye mteja mmoja, mzee mpole, mstaafu, aliyefika mbwa wa nne ndipo akabadilisha swali. Alisogeza kiti, akapunguza sauti: "Daktari, niambie ukweli. Nyumba yangu imelogwa?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mzee wangu. Na mganga wake anachoma sindano." Wa tano yupo mpaka leo, mnene kupita kiasi.

Mbwa akiugua jambo jingine, usije. Jitibu kwanza. Upele na manyoya kunyonyoka: mpake oili chafu ya gari. Atang'aa. Atajilamba vile vile, kwa sababu mbwa ndivyo anavyooga, na oili itaingia tumboni na kwenye ngozi yenye vidonda, lakini kwa siku mbili hivi atang'aa. Kupe: mmwagie dawa ya kuogeshea ng'ombe, ukipima kwa kifuniko na kukadiria kwa jicho. Ng'ombe ana kilo mia tatu, mbwa wako ana kumi na mbili, nawe hesabu uliiacha darasa la saba. Akilishwa sumu na wezi: mpe maziwa. Hakuna sumu niliyowahi kuiona ikiogopa maziwa, ila nimewaona mbwa wengi waliokuwa wanatetemeka yakaingia mapafuni. Anayetetemeka hapewi kitu mdomoni, anapakiwa kwenye bajaji. Tena ukikipata kile kipande cha nyama au kipaketi alichokula, njoo nacho.

Paka ana ukurasa wake, mfupi, kwa sababu paka huenda haraka. Ukimwona ana homa, mpe nusu kidonge cha parasetamoli, kama unavyompa mtoto. Ini la paka haliwezi kuivunjavunja dawa hiyo. Fizi zinageuka rangi, uso unavimba, pumzi inapanda, na nusu kidonge inatosha kabisa kummaliza. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemetrini nayo itakusaidia ukimpaka paka, ataanza kutikisika kabla ya magharibi. Wanaonunua dawa hizo huniambia wamesoma maelezo kwenye pakiti. Maelezo yenyewe yana picha ya paka iliyokatwa kwa mstari mwekundu.

Tukirudi kwa mbwa, hapa ndipo mwongozo unapofuatwa kwa uaminifu kuliko sehemu nyingine yoyote. Kichaa cha mbwa. Unaambiwa chanjo ianze akifika miezi mitatu na irudiwe kama daktari atakavyoandika kwenye kadi, hapa kwetu kila mwaka. Kwenye kliniki yetu haizidi bei ya kuku mmoja wa kienyeji, na siku za kampeni ya serikali huwa bure. Unaiacha. Kama hupendi kuiacha kabisa, basi inunue kwa yule kijana anayepita na boda, kichupa kikiwa mfuko wa shati. Chanjo hii inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi kwenye sindano. Mfuko wa shati saa saba mchana ni karibu na jiko. Atakuchomea mbwa, atakupa kadi yenye muhuri, nawe utakuwa na kadi.

Miaka michache iliyopita alikuja kaka mmoja, fundi, na mbwa wake kwenye toroli. Taya la chini limening'inia, mate yanatiririka, sauti imebadilika. "Dokta, mfupa umemkwama kooni. Nimejaribu kuutoa kwa mkono tangu jana, siuoni."

Nikamuuliza, "Mkono upi?"

Akaunyoosha wa kulia. Ulikuwa na mikwaruzo kwenye vidole, midogo, ya mtu anayefanya kazi na vyuma, na mmoja mpya wa jino.

Watu wengi wanamngojea mbwa mwenye kichaa aje mbio, macho mekundu, akiuma kila mtu. Yupo wa hivyo. Lakini yupo na huyu mwingine, mkimya, anayepooza taya na koo, anayeonekana amekwamwa na mfupa, na huruma ya mwenye mbwa ndiyo inayompeleka mkono mdomoni. Hakukuwa na mfupa wowote. Nilimsimamisha kaka yule kwenye bomba la kliniki na kipande cha sabuni ya kufulia, nikaangalia saa: dakika 15, mkono wote, maji yakipita. Akalalamika zimezidi. Nikamwambia hesabu yangu hiyo si ya duka. Kutoka hapo tulikwenda wote hospitali, sikumwachia nauli aende peke yake, kwa sababu niliwahi kumwachia mwingine akapitia kwanza kwa fundi cherehani. Mbwa alikufa usiku ule. Kichwa kilikwenda maabara ya mifugo Temeke, jibu likarudi lile tulilolitegemea. Fundi alimaliza sindano zake zote. Bado ananipa mkono ule ule wa kulia tukikutana, na mimi bado nautazama.

Mwongozo wa mtaa una njia yake. Mtoto akiumwa na mbwa, mpake majivu, au tumbaku, au kitunguu saumu, au umfunge sarafu juu ya jeraha. Halafu mbwa apigwe mawe hapo hapo na kuchomwa, ili pasiwe na wa kumchunguza. Mbwa aliyeuma, akifungiwa mahali salama na daktari akamwangalia siku 10, atakwambia mwenyewe: akiwa hai na mzima siku ya 10, hakuwa na kirusi kwenye mate siku aliyouma, na majeruhi anaweza kuelekezwa hospitali kama aendelee na sindano au aache. Mtaa hauna siku 10. Tena mtoto mwenyewe mara nyingi hasemi, anaogopa kuchapwa kwa kucheza na mbwa wa watu. Anakaa na siri yake. Kirusi nacho kinatembea polepole kwenye mishipa ya fahamu kwenda ubongoni, kwa kawaida miezi miwili mitatu, na kidonda kinakuwa kimeshapona vizuri, hata kovu halionekani. Siku anapoanza kuogopa maji hospitali haina tena cha kumpa. Kabla ya siku hiyo, sabuni na chanjo vinamwokoa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na watoto wa chini ya miaka 15 ni asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa. Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885. Kwa hiyo huu ni ugonjwa ambao dawa yake ya kuzuia ina umri mkubwa kuliko reli ya kati, na sisi bado tunapaka majivu.

Wanaosema haiwezekani, wavuke maji waende Pemba. Walichanja mbwa, ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Chanjo zikalegea, mwaka 2016 ukaingizwa tena kutoka nje, wakachanja upya, na mwaka 2018 wakautoa mara ya pili. Hawakuua mbwa wote wa kisiwa. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa, kirusi kinakosa pa kupita. Asilimia 70 ni mbwa saba kati ya kumi: wako, wa jirani, wa mlinzi, wa gereji, na watatu wengine. Unaona ni kazi kubwa kiasi gani.

Na wewe uliyempa mbwa wako jina la Simba, kuna hili la pembeni. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kutetemeka na kuanguka. Walikufa wapatao 1,000, karibu theluthi moja ya wote. Ulikuwa ugonjwa wa mbwa unaoitwa distempa, na wataalamu walielekeza kidole kwenye mbwa wa vijiji vya pembezoni mwa hifadhi, ambao hawakuwa na chanjo. Ndiyo maana mbwa wa vijiji vile wakaanza kuchanjwa: mbwa wa kijijini, asiye na jina, anachomwa sindano ili mfalme wa nyika asife. Chanjo yenyewe imo kwenye zile za wiki ya 6 hadi ya 16. Zile ulizosema kwa hela hiyo ununue mwingine.

Kuhusu uzazi, mwongozo unasema kumfunga kizazi mbwa jike ni dhambi, na kumhasi dume ni kumwondolea uanaume, tena hapo mwenye mbwa hujikunja kidogo kwenye kiti kana kwamba mimi nimemtaja yeye. Waache basi. Jike anaweza kuanza joto akiwa na miezi sita. Utajua kwa foleni ya madume getini, yanayopigana usiku na kukojolea matairi ya gari lako. Siku 63 baadaye, kwa wastani, una watoto saba. Wawili utawapa shemeji, mmoja mlinzi. Wanne waliobaki utawatia kwenye boksi gizani na kuwashusha karibu na soko, ukijiambia huko kuna mabaki. Wa paka wataachwa Feri, kwa kuwa kuna samaki. Wakipona watarudi mwakani wakiwa kundi, watakukimbiza ukitoka kwenye daladala saa nne usiku, nawe utaandika barua serikali ya mtaa kulalamikia mbwa koko. Barua hizo naziona. Nyingine zimesainiwa na wateja wangu.

Ukishindwa kabisa, nipigie simu. Usije, piga. Anza saa tano usiku. Usiseme jina la mbwa wala umri, tuma picha ya kinyesi WhatsApp, kwa karibu, bila salamu, halafu andika: "Hii ni nini?" Nikikuambia umlete, sema gari liko gereji. Nikikuambia nije, uliza nauli. Nikitaja nauli, nyamaza siku mbili, kisha tuma picha nyingine. Mama mmoja wa Kimara alifanya hivyo wiki nzima, na mwishowe alikuja mwenyewe, amembeba mbwa kwa kanga kifuani kama mtoto mchanga, akaketi kwenye benchi kwa muda wa saa tatu bila kulalamika. Mbwa alikuwa na minyoo tu. Dawa ya minyoo kwa watoto wa mbwa hutolewa kuanzia wiki ya 2. Huyu alikuwa na miaka minne na hajawahi kuiona. Nilipomwambia bei, yule mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ile kanga.

Kliniki inafunguliwa saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Mbwa mlete kwa kamba, paka kwenye kikapu chenye mfuniko, maana benchi ni moja. Njoo na kadi ya chanjo. Kama huna, njoo hivyo hivyo, kadi tunazo.